Maswali ya Wasomaji: Bei ya umeme ikijadiliwa, nani anasimama upande wa mteja?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina karakana ya kuchomelea vyuma hapa Malaba, na mashine zangu zinatumia mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Jirani yangu alinionyesha tangazo gazetini kwamba mamlaka inayosimamia umeme ingefanya kikao cha kupokea maoni ya umma kuhusu bei, na kwamba mtu yeyote angeruhusiwa kufika. Sikwenda, kwa sababu kufunga karakana na kulipa nauli ya Kampala ni hasara mbili kwa siku moja. Hata kama ningekwenda, ningesema nini mbele ya wahasibu na mawakili wa kampuni zaidi ya kulia kwamba bei ni kali? Nimesikia kwamba katika nchi nyingine serikali humteua wakili wa umma wa kuwasemea wananchi katika vikao vya namna hiyo. Je, Uganda tunaye? Kama hatuna, nani angemteua, nani angemlipa, na tungejuaje kwamba hajanunuliwa? – Fundi, Malaba.

JIBU: Ndugu Fundi, hatunaye. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha ERA, ikaipa kazi ya kutoa leseni, kuidhinisha bei na kupokea malalamiko. Sheria hiyo hiyo iliunda pia Baraza la Migogoro ya Umeme, ambako mtu asiyeridhika anaweza kupeleka shauri lake. Vyombo hivyo vinatakiwa kuyazingatia maslahi ya mteja, lakini hakuna ofisi ya kisheria inayojitegemea ambayo kazi yake pekee ni kumtetea mteja huyo pale bei inapoamuliwa. Tofauti kati ya kuzingatia na kutetea ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mdhibiti anapopanga bei hukaa katika nafasi ya hakimu: analazimika kumtendea haki mwekezaji vilevile kama anavyomtendea mteja, na huamua kwa kutegemea ushahidi uliowekwa mezani. Ikiwa upande mmoja umeleta majalada na upande mwingine umeleta masikitiko, hakimu mwadilifu kabisa ataandika uamuzi unaofanana na majalada.

Nikuoneshe jambo moja kwa karibu, kwa sababu ndani yake mnaonekana umuhimu wa mtu unayemtafuta. Msambazaji hununua umeme kwa jumla na kuuza kwa rejareja, lakini si uniti zote alizonunua zinazomfikia mteja anayelipa: nyingine hupotea kwenye nyaya na transfoma, na nyingine huibwa. Mdhibiti humwekea kiwango cha upotevu anachoruhusiwa kukiingiza katika bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Msambazaji amenunua uniti 100 kwa shilingi 300 kila moja, kwa hiyo ametumia shilingi 30,000. Akiruhusiwa upotevu wa asilimia 16, atazirudisha fedha hizo kwa kuuza uniti 84, na gharama ya manunuzi ndani ya kila uniti itakuwa takriban shilingi 357. Akiruhusiwa asilimia 12 tu, atauza uniti 88, na gharama hiyo itashuka hadi takriban shilingi 341. Tofauti ni shilingi 16 kwa uniti. Mwenye nyumba anayetumia uniti 100 kwa mwezi hataisikia sana, lakini karakana inayotumia uniti 600 italipa karibu shilingi 9,700 zaidi kila mwezi, mwaka mzima, kwa sababu ya tarakimu moja iliyokuwa katikati ya jedwali ambalo hakuna mteja aliyelifungua.

Sasa fikiria nani angesimama kikaoni na kuuliza: kwa nini 16 na si 12? Mwaka jana fedha mlizopewa za kubadilisha nyaya chakavu zilikwenda wapi? Wizi huu uko katika mitaa ipi, na mmefanya nini juu yake? Maswali haya hayahitaji hasira. Yanahitaji mtu aliyelisoma jalada majuma kadhaa kabla, mwenye mhasibu na mhandisi wake, na mwenye haki kisheria ya kudai majibu kutoka kwa mwombaji badala ya kupewa dakika chache za kutoa maoni mwisho wa kikao. Huyo ndiye wakili wa umma. Sijasema kwamba ni lazima awe mwanasheria. Katika kazi hii mhasibu mkali anaweza kuwa na faida kuliko msemaji hodari wa mahakamani.

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili ni Marekani, ambako bei za umeme, gesi na maji husimamiwa na tume za majimbo. Jimbo la New Jersey liliunda idara ya wakili wa umma mwaka 1974. Ohio na Pennsylvania zikafuata kwa ofisi zao za kutetea wateja mwaka 1976, na Maine mwaka 1981. Huko Maine gavana humteua mtetezi huyo, lakini Seneti ya jimbo lazima imthibitishe. California nayo ina ofisi ya namna hiyo ndani ya mfumo wa tume yenyewe, na sheria imeiandikia lengo lake waziwazi, yaani kumtafutia mteja bei ya chini kadiri inavyowezekana bila kuathiri usalama na uhakika wa huduma. Naipenda sentensi hiyo kwa sababu inakiri jambo ambalo wanasiasa wetu hulikwepa, kwamba bei ikishushwa kupita kiasi mteja ataumia pia, safari hii kwa kukaa gizani.

Swali lako la fedha ndilo gumu zaidi, na ndilo linaloweza kuiua ofisi ya namna hii. Katika majimbo mengi ya Marekani ofisi ya mtetezi haiendeshwi kwa kuomba omba wizarani. Sheria huyatoza makampuni yanayodhibitiwa tozo ndogo kulingana na mapato yao, na tozo hiyo huenda kwa mtetezi. Usidhani kwamba makampuni yanaitoa mfukoni mwao: mwishowe huingia katika bei, na ni wewe unayeilipa. Lakini hapa Uganda mteja tayari anamlipia mdhibiti kwa njia hiyo hiyo, maana ERA hupata fedha zake kutokana na ada na tozo za wenye leseni, na wakili wa kampuni naye hulipwa kutokana na mapato yanayotoka kwenye Yaka yako. Katika kikao kile ulichoshindwa kufika, ulikuwa umelipia kila kiti isipokuwa chako.

Kuhusu nani amteue, maoni yangu ni kwamba asiteuliwe na waziri wa nishati peke yake, na sababu yake imekuwa nzito zaidi tangu mwaka 2025. Kwa miaka 20, kuanzia Machi 2005 hadi Machi 2025, usambazaji wa sehemu kubwa ya umeme ulikuwa mikononi mwa Umeme, kampuni binafsi. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 kazi hiyo imerudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali. Maana yake ni kwamba serikali ndiyo inayotunga sera, ndiyo mmiliki wa msambazaji, na wajumbe wa Mamlaka huteuliwa na waziri kwa idhini ya Baraza la Mawaziri. Wako watu wanaosema kwamba kampuni ikiwa ya umma haihitaji wakili wa umma. Mimi naona kinyume chake. Zamani mdhibiti alikuwa na mfanyabiashara mbele yake. Sasa ana ndugu yake wa nyumba moja. Jina la mtetezi lingefaa lipendekezwe baada ya nafasi kutangazwa hadharani, lithibitishwe na Bunge, na mwenye kulibeba apewe kipindi maalumu ambacho hawezi kuondolewa ndani yake ila kwa makosa yaliyotajwa katika sheria. Akikaa kwa hisani ya mtu, atamtetea mtu huyo.

Hata hivyo sheria peke yake si ngao. Idara ile ya New Jersey ilifutwa mwaka 1994, ikarudishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ikafutwa tena mwaka 2010. Kitengo chake cha kushughulikia bei kilinusurika kwa kuhamishiwa chini ya paa lingine. Kila mara ilipofutwa hoja ilikuwa kubana matumizi. Somo ninalolipata ni kwamba ofisi inayojishughulisha na kila kitu, kuanzia bei hadi magereza, hujiongezea maadui kutoka pande zote, ilhali ofisi ndogo yenye kazi moja ina nafasi nzuri zaidi ya kuishi.

Na tusiishie katika vikao vya bei. Jambo lililoumiza zaidi katika historia ya umeme wetu halikuamuliwa katika kikao cha maoni. Liliamuliwa katika mkataba. Mkataba wa kampuni ya Umeme uliiruhusu kupata faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji iliouwekeza, na kifungu hicho kilikuwa kimeshafungwa kabla mteja wa kwanza hajaitwa kutoa maoni. Kamati ya Bunge ilipendekeza mwaka 2014 kwamba mkataba huo uvunjwe. Haukuvunjwa, ukaendelea hadi siku yake ya mwisho. Ulipokwisha, serikali iliilipa kampuni dola milioni 118, kampuni ikadai kwamba inastahili zaidi, na mgogoro ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Haki inadai niseme pia kwamba upotevu wa umeme, ambao mwaka 2005 ulikuwa takriban asilimia 38, ulishuka chini ya asilimia 20 katika miaka hiyo, na idadi ya wateja ikaongezeka mara nyingi. Lakini kama mtetezi wa wateja angekuwa mezani mwaka 2004, huenda angeuliza kwa nini iwe 20 na si 14, na kwa nini kiwango kiwe hicho hicho mwaka wa kumi na tano, wakati hatari ya biashara imeshapungua. Wakili anayeruhusiwa kuingia baada ya leseni kutiwa saini atakuwa anabishana juu ya makombo.

Ukiniuliza njia iliyo karibu zaidi nasi, nitakutajia India kabla ya Marekani. Sheria ya Umeme ya India ya mwaka 2003, kifungu cha 94, inairuhusu tume ya udhibiti kumwidhinisha mtu yeyote inayemwona anafaa awakilishe maslahi ya wateja katika mashauri yaliyo mbele yake. Hakuna jengo jipya wala gari la serikali. Katika jimbo la Maharashtra tume iliviidhinisha vikundi vya raia, mojawapo kikiwa Prayas cha mjini Pune, ambacho wahandisi wake walizisoma hesabu za msambazaji mstari kwa mstari. Jirani zetu Watanzania nao, kupitia sheria ya mwaka 2001 iliyounda EWURA, mamlaka yao ya udhibiti wa nishati na maji, wana Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo huwasilisha maoni ya wateja kila maombi ya bei yanapokuja. Ni hatua njema, ingawa jina lenyewe linataja ushauri, na mshauri husikilizwa kwa kadiri anayeshauriwa anavyopenda. Ndiyo maana nina wasiwasi na kamati za wateja zinazoundwa na mdhibiti mwenyewe, popote pale zilipo: hizo ni kama mshenga aliyelipwa na upande wa pili, anaweza kuwa mtu mwema na bado asikupatie mahari unayostahili.

*

SWALI: Mhariri, mimi naishi Masese, Jinja, na kilio changu si umeme bali maji. Tunanunua kwa jerikani kwenye bomba la jumuiya na bei inapanda bila kuambiwa. Je, huyo wakili mnayemzungumzia angetusaidia na sisi? – Mama Zainabu.

JIBU: Mama, angeweza, lakini kwenye maji tatizo linaanza hatua moja nyuma. Umeme una mamlaka yake ya udhibiti. Maji hayana chombo cha namna hiyo kinachojitegemea. Bei za Shirika la Taifa la Maji na Majitaka huidhinishwa na waziri, na usimamizi wa watoa huduma unafanywa na idara iliyo ndani ya Wizara ya Maji na Mazingira. Wakili wa umma anahitaji mahali pa kusimama, yaani kikao chenye kanuni, jalada lililo wazi na uamuzi ulioandikiwa sababu. Bila hivyo atabaki kuandika barua.

Liko jambo jingine ambalo hata mdhibiti hodari angelikosa. Katika orodha ya bei za Shirika, maji ya bomba la jumuiya yamewekewa bei ya chini kuliko ya majumbani, kwa nia ya kumsaidia mnyonge. Lakini wewe hununui kutoka kwa Shirika. Unanunua kutoka kwa mtu anayelisimamia bomba, na yeye huongeza chake. Mara nyingi anayebeba jerikani kichwani hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba ndani ya ua. Mtetezi aliyejifungia ofisini Kampala akisoma orodha ataona kwamba maskini wamepewa nafuu, na ataridhika. Kwa hiyo, sheria ikija kuandikwa, naomba iandikwe kwamba ofisi hiyo lazima isikilize watu mikoani kabla ya kuandika hoja zake. Kwa sasa dai kwamba bei halali ya jerikani ibandikwe bombani kwa maandishi makubwa. Ikishabandikwa, msimamizi hataweza kuipandisha kimyakimya.

*

SWALI: Mheshimiwa, tunao wabunge, tunaye Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tunayo mahakama, na serikali yenyewe iko katika mpango wa kuzifuta na kuziunganisha taasisi kwa sababu ni nyingi mno. Je, huku si kutafuta mshahara kwa mtu mwingine? – Mwalimu, Arua.

JIBU: Mwalimu, hoja yako ni ya haki, na anayetaka ofisi mpya ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wakala wa Umeme Vijijini ulivunjwa na kazi zake zikarudi wizarani. Kuomba taasisi kamili yenye bodi na matawi katika wakati huu ni kuomba kukataliwa. Ndiyo sababu nimeisifu njia ya India. Kifungu kimoja katika Sheria ya Umeme, kinachomlazimisha mdhibiti kumwidhinisha mwakilishi wa wateja katika kila shauri kubwa la bei au la leseni, na kumlipa kutokana na tozo iliyopo, kingetosha kwa kuanzia. California ina utaratibu unaofanana na huo: kikundi cha raia kilichochangia kwa uzito katika uamuzi hurudishiwa gharama zake, na kilichokuja kupiga kelele hakipati kitu.

Ama vyombo ulivyovitaja, kila kimoja kina kazi yake. Mkaguzi Mkuu wa Serikali hushughulikia rushwa na matumizi mabaya ya madaraka, lakini bei inaweza kuwa kubwa mno bila mtu yeyote kula rushwa. Mahakama, katika mapitio ya uamuzi wa kiutawala, huangalia kama utaratibu na sheria vilifuatwa. Jaji hatakupangia kiwango cha upotevu wa umeme. Ibara ya 50 ya Katiba inamruhusu mtu au shirika kufungua shauri kwa ajili ya haki za wengine, na hiyo ni silaha nzuri, ila hutumika baada ya jeraha. Wabunge wana uwezo mkubwa kuliko wote, lakini wao hulikumbuka jambo la umeme linapokuwa limeshaungua. Bei huwekwa Desemba na hurekebishwa kila robo mwaka kufuatana na mfumuko wa bei, thamani ya shilingi na bei ya mafuta, kwa kanuni ya hesabu iliyokwisha kukubaliwa. Anayeweza kuifuatilia ni mtu ambaye hana kazi nyingine.

*

SWALI: Kabla sheria haijabadilishwa, sisi wateja wa kawaida tufanye nini? – Mwanafunzi, Mbale.

JIBU: Andikeni. Maoni ya maandishi huingia katika jalada, na mdhibiti aliyepokea swali mahususi kwa maandishi hupata shida kulipita kimya kuliko aliyesikia manung'uniko ukumbini. Andikeni kama kikundi, kwa mfano chama cha mafundi, ushirika wa wasaga nafaka au wenye maduka ya soko moja, na mchague mambo mawili au matatu tu. Ombeni kwanza nyaraka za maombi ya bei. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa vyombo vya serikali, na afisa anayehusika anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Zamani mtu angeweza kubishana kama kampuni binafsi inabanwa na sheria hiyo. Sasa msambazaji mkuu ni kampuni ya serikali, na ubishi huo umepungua nguvu, ingawa mtaweza kuambiwa kwamba baadhi ya kurasa ni siri za kibiashara. Mkiambiwa hivyo, ombeni kurasa zilizobaki.

Mnaweza pia kudai kwamba muhtasari wa maombi ya bei utolewe kwa Kiswahili na kwa lugha za mikoa. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, na tangazo la kikao cha umma ambalo umma hauwezi kulisoma halijatimiza kazi yake. Barua ya namna hiyo ielekezwe kwa Mamlaka, nakala ipelekwe kwa kamati ya Bunge inayoshughulikia mazingira na maliasili, ambayo ndiyo hupokea mambo ya nishati, na mhakikishe kwamba ofisi iliyoipokea imegonga muhuri wenye tarehe kwenye nakala mnayobaki nayo.